Kodi ya Shamba Hulipwa Kabla ya Mvua

Kila mwaka, Januari inapokatika na watu wamemaliza kulipa karo, simu huanza kulia. "Ile ekari bado unaitaka? Kuna mwingine alikuja jana na pesa mkononi." Ukiwa mkulima wa mahindi asiye na shamba lake kati ya Ruiru na Kilimambogo, unaijua sauti hiyo. Mwaka jana mlikubaliana bei. Mwaka huu mwenye shamba ameongeza elfu mbili, elfu tatu, wala haoni haya. Yule mwingine wa jana pengine yupo, pengine hayupo. Lakini masika yanakaribia, jirani amekwisha kupitisha trekta, na mkono unakuwasha. Unatuma pesa kwa M-Pesa. Ujumbe unaingia. Mwaka wako umeamuliwa kabla tone moja halijadondoka.

Sikukatazi kukodi. Nimekodi mwenyewe, na nitakodi tena. Ninalotaka tukubaliane ni hili: anayekodi shamba kwa pesa taslimu amenunua mvua ambayo haijanyesha. Mwenye shamba ameshapokea chake. Muuza mbegu ameshapokea chake. Mwenye trekta haondoki shambani bila chake. Ukame ukija, viwavijeshi wakija, bei ikianguka, hao wote wamekwenda zao na wewe ndiye uliyebaki shambani. Kwa hiyo usiulize tu ekari ni pesa ngapi siku hizi. Uliza hasara itakuwa ya nani mambo yakienda kombo, na wewe utabeba kiasi gani.

Bei hii haikupandishwa na faida ya mahindi. Ingekuwa hivyo tungekuwa tunacheka. Imepanda kwa sababu ardhi ya huku haimsubiri tena mkulima, inamsubiri mnunuzi. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, na tangu hapo mtu anaweza kufanya kazi Nairobi na kulala Juja. Sensa ya 2009 iliwakuta watu milioni 1.6 katika Kiambu. Ya 2019 ikawakuta milioni 2.4. Hawa wote wanahitaji pa kulala. Mashamba makubwa ya kahawa ya Ruiru, yaliyokuwa yamechoka tangu makubaliano ya kimataifa ya bei ya kahawa yavunjike mwaka 1989, yakaanza kugeuka mitaa. Tatu City peke yake imekalia ekari zipatazo 5,000 katika ardhi ya kahawa ya zamani. Ruiru hiyo hiyo ndiyo iliyoipa jina mbegu maarufu ya kahawa, Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 na watafiti wa pale pale. Leo ukimtajia kijana wa bodaboda Ruiru 11, atakuuliza ni steji gani hiyo.

Basi ardhi ya jembe inapungua na wanaoitafuta wanaongezeka. Mwenye ekari tano Gatuanyaga amekata ploti za hamsini kwa mia upande wa barabarani, na sehemu ya nyuma anaikodisha msimu kwa msimu huku akingoja mteja. Wakati huo huo kuna wenzetu walioajiriwa Nairobi, wanaolima kwa simu, ambao bei ya kukodi haiwatishi kwa sababu mshahara wao hautoki shambani. Hao ndio "mwingine aliyekuja jana." Usishindane nao kwa bei, utashindwa. Una kitu kingine cha kuweka mezani, na nitakitaja mbele.

Kwanza niwakumbushe jambo moja la kale. Wakikuyu wa Kiambu walikuwa na jina la mtu kama sisi: muhoi, na wakiwa wengi, ahoi. Muhoi alilima katika ardhi ya ukoo mwingine kwa ruhusa, bila kulipa kodi. Alichotoa ni heshima, msaada wa kazi, na pombe ya kienyeji kwa wenyeji wake. Jomo Kenyatta aliwaeleza katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya. Walowezi walipochukua ardhi na Nairobi ikaanza kununua chakula, udongo uliobaki ukawa na thamani, na wenye koo wakaanza kuwafukuza ahoi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoleta hatimiliki, wengi wao hawakuandikwa popote. Ardhi ilipopanda thamani, wa kwanza kutoka alikuwa yule ambaye haki yake ilikuwa mdomoni tu. Weka hilo akilini tutakapofika kwenye karatasi.

Sasa hesabu. Mkulima wa kukodi anayefanya hesabu kichwani hujidanganya mahali pamoja daima: huhesabu magunia ya mwaka wa neema. Chukua daftari. Nitatumia tarakimu za mfano, wewe weka za kwenu. Tuseme kwa ekari moja kulima na kusawazisha kwa trekta ni shilingi 7,000. Mbegu kilo 10 ni 3,000. Mbolea mifuko miwili, mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, kwa ile bei ya ruzuku ya 2,500 iliyotangazwa mwaka 2023, ni 5,000. Palizi mara mbili ni 8,000. Dawa ya viwavi 2,000. Kuvuna, kupukuchua, magunia na gari la kubeba, 5,000. Jumla 30,000, na bado hujalipa kodi ya shamba. Ongeza kodi ya 12,000. Umefika 42,000.

Gunia la kilo 90 likiuzwa 3,500, unahitaji magunia 12 ili kurudisha pesa zako tu, bila hata senti ya jasho lako. Kodi ikipanda hadi 20,000, unahitaji magunia 14 na zaidi. Jiulize kwa ukweli: shamba hilo, mvua hiyo ya Munyu au Ngoliba, limewahi kukupa magunia 14 mara ngapi katika miaka mitano? Mwaka wa magunia matano unabaki na 17,500 mkononi baada ya kutumia 42,000. Utasema mvua ikikosekana bei hupanda. Ndiyo, hupanda wakati mwingine. Weka hata 5,000 kwa gunia: 25,000. Bado umezika 17,000.

Ndiyo maana nasema pima kodi kwa magunia, usiipime kwa shilingi. Mwenye shamba akisema 12,000, wewe usikie "magunia matatu na nusu". Kisha angalia hayo matatu na nusu ni sehemu gani ya mavuno ya mwaka wa kawaida. Kanuni yangu, ambayo sikuipata kwenye kitabu chochote bali katika kuungua, ni kwamba kodi isizidi gunia moja katika kila matano ya mwaka wa kawaida. Ikivuka hapo, kwa mahindi makavu, naondoka. Kwa tarakimu za hapo juu, shamba la magunia 12 kwa kodi ya 12,000 limevuka tayari. Na hili ndilo jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: karibu na lami, mahindi makavu ya kuuza kwenye ardhi ya kukodi mara nyingi hayalipi. Ukilima ya kula nyumbani, hesabu ni nyingine, kwa sababu unalinganisha na bei ya unga dukani na si bei ya broka. Lakini ya kuuza makavu, fikiri mara mbili.

Mahindi mabichi ni hadithi tofauti, na hapa Thika na Ruiru tuna bahati ambayo mkulima wa Trans Nzoia hana. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, ekari hubeba mimea zaidi ya 21,000. Tuseme umepata mahindi 15,000 ya kuuzika, ukauza shambani kwa shilingi tano tu kila moja: 75,000. Na kodi haijapanda hata senti. Wachomaji wa Githurai, Juja na Thika mjini wanahitaji mahindi kila siku. Baada ya hapo mabua mabichi bado ni mali, kwa sababu Ruiru na Githunguri kuna ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini na wenye nao hununua majani, na wengine hutengeneza sileji. Mwenye shamba mjanja analijua hilo. Atakukodisha ardhi kisha aseme mabua ni ya ng'ombe wake. Lisemwe mapema.

Lakini usikimbilie. Mahindi mabichi hayangoji. Yana siku chache kati ya kuwa maziwa na kuwa mawe, na ukipanda siku moja na kijiji kizima utauza siku moja na kijiji kizima, na broka atakuja amevaa miwani ya jua akijua huna pa kwenda. Panda kwa awamu, sehemu moja, kisha nyingine baada ya wiki mbili, na kama uko karibu na mto na una ruhusa ya maji, lenga miezi ambayo wenzako hawana kitu. Wizi nao upo. Shamba la mahindi mabichi kando ya barabara lisilo na mtu usiku ni sadaka.

Kuhusu mbegu nitapita haraka: anayelima Gatuanyaga au Ngoliba mbegu ya nyanda za juu kama H614, kwa sababu shangazi yake wa Kitale huvuna nayo vizuri, anatafuta hasara kwa tochi. Huku kwetu ziko mbegu za muda mfupi, kama Katumani, DH04 au Duma 43, zinazoiwahi mvua kabla haijakatika. Mpangaji wa shamba hana muda wa kujaribu.

Kabla ya kulipa, liendee shamba. Hili naona aibu kulisema lakini watu hulipa kwa picha. Nenda na jembe uchimbe sehemu tatu. Udongo mwekundu na udongo mweusi wa kunata si shamba moja. Ule mweusi ukilowa trekta haliingii, na ukichelewa kulima umeshakula mvua ya kwanza. Uliza majirani msimu uliopita palipandwa nini na kwa nini aliyelima ameondoka. Jibu la swali hilo la mwisho ni la thamani kuliko kipimo cha udongo. Kisha pima. Ekari ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wa karibu mita 64 kila upande. Nimeonyeshwa "ekari" ambayo ukiitembea haifiki robo tatu, na kodi ilikuwa ya ekari nzima. Ziko programu za simu za kupima eneo kwa kuzunguka mpaka. Ukiwa huna, kamba ya mita 50 inatosha.

Halafu swali la mwenye shamba ni nani. Mzee aliyeandikwa kwenye hati alifariki mwaka 1998, mirathi haijakamilika, na wana wanne kila mmoja anakodisha kivyake. Si jambo la nadra huku kwetu. Omba nakala ya hati na ufanye uchunguzi katika ofisi ya ardhi au kupitia mtandao wa serikali. Kwa shamba la msimu mmoja watu huona huo ni usumbufu. Sawa, basi angalau kaa na mke wa mwenye shamba na mwana wake mkubwa mezani, uwasikie wote wakikubali, na msaidizi wa chifu au mzee wa nyumba kumi ajue. Shamba la familia linakodishwa na familia.

Niwasimulie kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi ekari mbili upande wa Munyu kutoka kwa mzee mmoja mpole, tukapeana mkono chini ya mti, nikalipa zote. Mahindi yalipofika magotini nikakuta vigingi vya mpima ardhi katikati ya mistari. Mwanawe alikuwa ameuza nusu. Mnunuzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa na karatasi, na mimi nilikuwa na kumbukumbu ya mti. Mzee aliomba msamaha, na nikamsamehe, lakini nilichosamehe ni msimu mzima. Kama kungekuwa na mstari mmoja umeandikwa, kwamba shamba likiuzwa mpangaji atavuna kwanza au atalipwa gharama zake, ningekuwa na cha kushika.

Sheria yenyewe haina ukali unaotuogopesha. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali ukodishaji wa muda mfupi, wa miaka miwili au chini yake, ufanywe kwa maneno au kwa maandishi. Maneno ni halali. Tatizo la maneno ni kwamba yanasahaulika yakikutana na pesa. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, au Kikuyu, au Kikamba, lugha ambayo nyote mnaielewa: majina na namba za vitambulisho, namba ya shamba, ukubwa uliopimwa, kuanzia tarehe gani hadi lini, kodi na jinsi itakavyolipwa, mabua ni ya nani, njia ya gari ni ipi, nini kitatokea shamba likiuzwa zao likiwa bado limesimama. Mashahidi wawili. Lipa kwa M-Pesa au benki, usilipe mkononi. Ikiwa unakodi kwa miaka mitano ili uchimbe kisima au uweke mabomba, hapo usijifanye mjanja: Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, inataka kibali cha bodi ya udhibiti kwa ukodishaji wa ardhi ya kilimo iliyo katika maeneo yake, na bila kibali makubaliano ni batili. Tafuta wakili. Gharama yake ni ndogo kuliko pampu moja.

Wenye mashamba wengi hukataa kuandika kwa hofu moja, kwamba mpangaji mwenye karatasi atadai ardhi. Ni kinyume. Anayeweza kudai ardhi ya mtu kwa kuikalia ni yule aliyekaa miaka 12 bila idhini ya mwenyewe. Aliyekaa kwa mkataba wa kodi amekaa kwa idhini. Karatasi inamlinda mwenye shamba kuliko inavyokulinda wewe. Mweleze hivyo taratibu, ukiwa umekaa, mkiwa mmeshakunywa chai.

Na hapa ndipo kinapoingia kile kitu chako cha kuweka mezani. Mwenye ardhi ya kungoja mnunuzi anaogopa vichaka, anaogopa wavamizi, anaogopa watu wanaotupa taka usiku, na anaishi Nairobi au amezeeka. Mkulima wa simu hamsaidii. Hata yeye hayuko. Wewe upo kila siku. Mpangaji anayefyeka mpaka, anayepanda nyasi kwenye kingo, anayempigia simu akiona mtu na kamba ya kupimia, ni mlinzi ambaye hamlipi mshahara. Lisemwe wazi katika mapatano, na likupunguzie kodi au likupe miaka mitatu badala ya msimu. Miaka mitatu ina maana nyingine pia: samadi unayomwaga mwaka huu huzaa zaidi mwaka ujao, na ukifukuzwa baada ya msimu mmoja umemnenepeshea mwingine udongo.

Kuhusu namna ya kulipa, jaribu kwanza kugawa. Nusu kabla ya kulima, nusu baada ya kuvuna. Au kodi ya chini ya uhakika, na juu yake sehemu ya mavuno: tuseme gunia moja kwa ekari liwe la mwenye shamba mwaka wowote ule, na magunia yakivuka kumi, katika kila matatu yanayozidi moja ni lake. Mwaka mzuri atapata zaidi ya kodi ya taslimu. Mwaka mbaya mmeumia pamoja. Huko Iowa, Marekani, ambako sehemu kubwa ya mahindi hulimwa kwenye ardhi ya kukodi, wapo wanaoandika mikataba ambayo kodi hupanda na kushuka kwa mavuno na bei. Si wote watakubali. Mwenye shamba mwenye karo ya kulipa anataka taslimu, na hilo pia ni haki yake. Lakini anayekataa hata kuzungumza juu ya kugawana hasara amekueleza anavyoiona mvua ya mwaka huo.

Pesa za kodi zitoke wapi? Si kwenye mkopo wa simu, tafadhali. Mahindi ya muda mfupi hukaa shambani kama siku 120. Mkopo wa simu hudai ndani ya siku 30, na M-Shwari kwa miaka mingi ilitoza asilimia 7.5 kwa kila siku hizo 30. Kabla hujavuna umeshaongeza deni mara tatu, na shailoki wa mtaani ni mbaya zaidi. Kama huna budi kukopa, kopa kwa sacco au chama ambacho marejesho yake yanangoja mavuno, na ukope pembejeo, usikope kodi. Mbolea iliyokopwa huongeza magunia. Kodi iliyokopwa haiongezi hata punje. Bora ekari moja uliyolipia na kuitunza kuliko tatu za mkopo zenye mahindi ya njano.

Jisajili kwa msaidizi wa chifu kama mkulima, ukitaja ekari unazolima na si unazomiliki, ili ruzuku ya mbolea ikufikie kwa jina lako. Nimeona wapangaji wakinunua mbolea ya bei kamili huku mwenye shamba asiyelima akipata ujumbe wa ruzuku. Na ukiipata, fungua mfuko uuangalie. Sakata la mbolea bandia la mwaka 2024 lilitufundisha kwamba mfuko wenye nembo si lazima uwe na mbolea.

Bei ya kuuzia nayo haiko mikononi mwako, na huku kwetu inaweza kugeuka kwa barua moja. Tarehe 5 Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Kufikia tarehe 10 mlango ulikuwa umefunguliwa tena. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kununua gunia kwa 4,000, na baada ya mavuno wengi waliuza chini ya hapo kwa sababu walihitaji pesa siku hiyo. Unapopanga kodi, usiandike bei iliyotangazwa redioni. Andika bei uliyolipwa kweli mwaka uliokuwa mbaya zaidi kati ya mitatu iliyopita. Kama hesabu inasimama kwa bei hiyo, kodi.

Anayeweza kungoja bei ndiye anayeshinda, na anayeweza kungoja ni aliyekausha. Mahindi yafike unyevu wa asilimia 13.5 au chini kabla ya kuyafunga, uyaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi na fukusi wakose pumzi. Sumukuvu si mchezo: mwaka 2004 iliua watu 125, hasa katika maeneo jirani na hapa kwetu kama Makueni, Kitui na Machakos. Bima ya mazao nayo ipo. Majaribio ya mradi wa Kilimo Salama yalianza huko Laikipia mwaka 2009, na siku hizi kampuni kadhaa huuza bima pamoja na mbegu au mkopo. Ukiikuta, uliza swali moja tu: nikipata magunia matatu peke yangu na majirani wakapata kumi, mtanilipa? Bima nyingi za eneo hazitakulipa, kwa kuwa hupima wastani wa eneo zima. Inafaa kwa ukame unaopiga wote. Haifai kwa ndovu, mwizi au palizi iliyochelewa.

Bado sijagusa ekari zilizo mbali. Wengine, wakiona bei za Ruiru, wanavuka kwenda Yatta au ndani zaidi ya Ngoliba ambako kodi ni nafuu. Nafuu hiyo ipimwe na nauli, lori, na mvua. Mvua ya vuli huko mara nyingi ndiyo ya kutegemewa kuliko masika, kwa hiyo kukodi kwa mwaka mzima na kulima masika tu ni kulipia nusu ya shamba usiyoitumia. Kodi kwa vuli kama unaweza. Na kama ni watatu mnaoelewana, kodini pamoja ekari sita zinazoshikana. Mwenye trekta hupunguza bei akikuta kazi ya siku nzima, na mlinzi mmoja hulinda wote.

Mvua za masika huanza katikati ya Machi. Atakayekupigia wiki ya mwisho ya Februari akitaka jibu kesho asubuhi, mwambie unakwenda kwanza kuliona shamba, utachukua jembe na kamba ya mita 50, na yeye aje na hati pamoja na mkewe. Akisema hana muda, mwachie huyo mwingine wa jana.